Kioo Namba Kumi na Nne

Moroni, Jumamosi, 3 Januari 1981

Saïndou,

Eda imekwisha wiki iliyopita, na leo nimekalia kigoda chako. Mkuu wa zahanati amesema hana mtu mwingine anayejua kusoma vioo vya hadubini. Nilikuoshea vioo hivyo miaka kumi na moja, na ile minne ya mwisho uliniacha nisome, wewe ukihakiki. Amenipa barua yenye mhuri. Kigoda ni kirefu kwangu, miguu inaning'inia, nimeweka tofali.

Ninakuandikia kwa Kiswahili chetu cha Unguja kwa sababu Bacar muuguzi hupekua kila karatasi, na Kiswahili cha kuandikwa hakiwezi.

Leo vioo sita. Vitano vya homa, kimoja cha usaha wa mwanamume. Unajua utaratibu wetu. Wanaume hawaji zahanati kwa maradhi yale. Humwendea Bacar nyumbani kwake asubuhi mapema, naye huchukua tone, hulipaka kiooni, hulikausha, akakifunga kwa karatasi yenye namba. Jina hubaki kichwani mwake. Mimi naona namba tu, nao hawajui kuwa anayewatazama ni mwanamke.

Nilitia rangi ya buluu, nikasuuza, nikaweka tone la mafuta. Nikaziona kunde zetu, yaani vijidudu vya umbo la kunde, mbilimbili zimekaa uso kwa uso ndani ya chembe ya usaha, kama ulivyonifundisha. Niliandika: kisonono.

Jumatatu, 5 Januari

Vioo tisa. Kioo namba 14, cha mwanamume, hakina usaha wala kunde, chembe chache za ngozi tu. Nimeandika: safi.

Nilinunua mkate kwa mazoea, nikakata vipande viwili.

Alhamisi, 8 Januari

Mvua tangu alfajiri. Umeme hakuna. Nimeivuta hadubini dirishani nikafanya kazi kwa mwanga wa mawingu.

Jumatatu, 12 Januari

Leo amekuja mmoja wa wale Wazungu wa kukodiwa wenye bunduki. Unakumbuka siku walipoingia mjini, tulivyowatazama kwa ufa wa dirisha, ukaniambia, "Jau, usihesabu, watakuona unahesabu." Huyu hakupitia kwa Bacar wala hakutaka namba. Aliingia mchana na bastola kiunoni, wagonjwa wote wakainuka kumpisha kama amekuja kuswalisha.

Bacar alimpeleka nyuma ya pazia. Nilimsikia akimwuliza kwa Kifaransa, tangu lini, maumivu wakati wa kukojoa au la, na wanawake wangapi. Kwa lile la tatu Mzungu alicheka. Bacar naye akacheka, kwa woga.

Kioo chake kilikuwa na usaha bila kunde. Nilikitazama robo saa. Uliniambia hali hiyo ni ugonjwa mwingine, wenye mdudu asiyeonekana kwa rangi yetu, na sindano ya penisilini haimgusi, mpaka vidonge vya siku saba. Nikaandika hivyo. Bacar alimtolea vidonge, akamwambia wanawake wake nao watibiwe. Mzungu akasema hajui majina yao.

Alipopita dirishani kwangu nilimwona uso. Ni kijana mdogo, ana chunusi kidevuni.

Jumanne, 13 Januari

Gari lao limekuja likachukua sanduku la sindano za penisilini. Wamesaini. Zimebaki chupa tisa ambazo Bacar alikuwa amezificha ndani ya sufuria ya kuchemshia.

"Mwizi wewe," nilimwambia.

"Mwizi anayeiba vya kwake, Bweni, huyo ni mlinzi."

Bado ananiita Bweni, kama kila bibi wa heshima hapa. Nilikuwa nikimwona Bacar mpuuzi. Leo nimemmiminia chai.

Jumapili, 18 Januari

Maulidi. Sikwenda. Nilisikia dufu kutoka kitandani.

Jumanne, 20 Januari

Faouzia wetu amepanda meli ya mizigo kwenda Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, akajifungulie nyumbani kwa bibi yake kama nilivyojifungua mimi na kama alivyojifungua mama. Mwezi wa nane umeingia. Msa, mumewe, alimbebea kila kitu hadi godoro. Kwangu hakuinua macho, kama ipasavyo mkwe, ila alipomwinua Faouzia kumpandisha melini nilimwona anavyomshika, kama mtu anayeshika kikombe kilichojaa. Nikasema moyoni, mwanangu amepata mume.

Ungelia, wewe. Ulikuwa ukilia hata kwenye harusi za watu usiowajua.

Jumatatu, 26 Januari

Namba 14 imerudi.

Safari hii kioo kimejaa. Kunde kila mahali, ndani ya chembe na nje. Nilidhani nimechanganya karatasi. Nikafungua daftari, nikakuta mkono wangu: tarehe tano, safi. Nikamwita Bacar.

"Huyu ameambukizwa juzi tu?"

"Hapana. Ni ugonjwa uleule. Haujamwacha tangu mwezi wa kumi na mbili."

"Mbona kioo cha kwanza kilikuwa safi?"

Bacar alijikuna shingo. "Mara ile alitoka msikitini, Bweni. Alikojoa, akatawadha, akaswali alfajiri, ndipo akaja kwangu. Mkojo ulishafagia njia yote. Nilikamua nikapata unyevu tu."

"Na hukuniambia?"

"Hukuuliza. Marehemu alikuwa akiuliza."

Ni kweli. Ulikuwa ukipaza sauti kwenye kile kidirisha cha kupokelea vioo kutoka kwa Bacar: "Kakojoa huyu?" Na wanaume wote wa zahanati wakicheka, nami nikiosha vioo nikidhani ni mzaha wenu. Miaka kumi na moja nimeusikia mzaha huo. Tone huchukuliwa kabla ya mkojo wa kwanza, na kama mtu ameshakojoa, asubiri kwa muda wa saa nne ndipo apimwe. Mwislamu mwenye ugonjwa huu ndiye hujisafisha kuliko wote, kwa sababu tone likimtoka udhu umekatika. Anayetoka kwenye safu mara tatu kwenda birikani ndiye tunayemtafuta, na ndiye anayetuletea kioo kisicho na kitu.

Nikauliza, "Ana mke?"

"Anaye. Ndiye aliyepanda meli Jumanne kwenda kujifungua Ndzuani. Mimba ya kwan..."

Hakumaliza. Aliniangalia, akajishika mdomo kwa viganja viwili kama mtoto.

Jumanne, 27 Januari

Nilikwenda kazini. Nimesoma vioo vinne.

Jumatano, 28 Januari

Bacar amemdunga Msa sindano. Mimi sikuwapo, sikutaka kuwapo. Nimemwambia Bacar: Faouzia hana dalili, wanawake wengi hawana, lakini kama kunde zimo njiani siku ya kuzaa, mtoto atapita humo na macho yake. Tuliwaona vipofu wawili wa namna hiyo pale Unguja, unawakumbuka, ndugu wa nyumba ya mfereji, walioongozwa kwa kamba. Bacar akasema anajua.

Chupa zilizobaki ni za kuhesabu, na chupa haifai kutumwa kwa baharia bila mtu wa kudunga. Bacar amempa Msa vidonge kumi na vinne vya kumtumia mkewe kwa meli ya kesho, vya aina isiyodhuru mimba, avimeze vyote kwa mara moja. Alimkariria maneno mara tatu: vyote, mara moja. Msa akaapa.

Ningeweza kumwambia Msa mwenyewe. Nyumba yao iko hatua sitini kutoka kwangu. Lakini mama mkwe atasemaje na mume wa mwanawe juu ya kitu kile? Ataanza na neno gani? Nimemwachia Bacar. Nimejiambia dawa imekwenda.

Jumapili, 1 Februari

Upepo. Bati la jikoni limeng'oka upande mmoja.

Alhamisi, 5 Februari

Joto. Vioo vitatu. Daftari linasema "safi" mara tisa mwezi uliopita kwa vioo vya wanaume. Sijui ni safi ngapi zilizo safi. Nimemwambia Bacar awaite wote tisa. Amesema watamvunja miguu. Amewaita.

Jumatano, 11 Februari

Sikuweza kuandika jana.

Bacar aliwaita wale tisa, wakaja watano hapa zahanati, asubuhi kabla haijafunguliwa, bila kukojoa, wakitembea kama wenye mayai mfukoni. Wanne wana kunde. Ila usaha wao ulikuwa wa ajabu, umepungua na haujaisha, kama wa mtu aliyeonja dawa akaiacha. Bacar akambana mmoja wao, Allaoui, ambaye ni mkubwa wa hirimu ya Msa, hirimu ndiyo watu wa rika moja walioingia ukubwani pamoja. Nilisikia yote kwa kidirisha.

"Umemeza nini wewe?"

"Viwili tu, fundi."

"Viwili vya nini?"

"Vya Msa. Alikuja navyo. Tulikuwa saba. Kumi na vinne kwa saba, kila mtu viwili."

"Vile vilikuwa vya mke wake!"

"Hatukujua ni vya nani. Sisi kwani tunaulizana? Ng'ombe akichinjwa tunagawana, pilau tunagawana. Mtu hali peke yake mbele ya hirimu yake. Na dawa je? Akae nayo mfukoni, sisi tukimwona anatoka kwenye safu, nasi tunatoka?"

Bacar alikaa chini. Nilikiona kisogo chake kikitikisika, sikujua kama anacheka au analia.

Wiki mbili nimelala nikijua mwanangu ametibiwa.

Alhamisi, 12 Februari

Nimekwenda kwa Msa. Nilisimama nje ya mlango, yeye akasimama ndani, pazia katikati yetu, na kila mmoja akatazama sakafu.

Nikasema, "Msa, mimi ndiye ninayesoma vioo vya Bacar."

Nikasikia pumzi ikimtoka kama mtu aliyepigwa tumboni.

"Mama..."

"Usiseme. Niambie tu kwa nini vidonge havikwenda."

"Tulikwenda kule, nyumba ya starehe, pamoja, mama. Saba. Mara moja tu. Waliniona na kifurushi. Ningesema ni vya Faouzia wangejua Faouzia naye... Niliona haya kumtaja. Nikasema nitaomba vingine."

"Na hukuomba."

"Niliona haya kurudi."

Nilikuwa nimekuja na maneno makali, Saïndou, nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Nikaanza kuyatoa. Nikamwuliza alimwendeaje mke mjamzito ilhali anajiona mgonjwa.

Akajibu polepole. "Sikumwendea, mama. Nililala sebuleni siku kumi na tisa, nikimwambia nina kikohozi. Nilisubiri kikaratasi cha majibu. Kikaratasi kilisema safi."

Sikumwambia ni mwandiko wa nani. Alishajua.

Ijumaa, 13 Februari

Nimepeleka simu ya maandishi Mutsamudu: MPELEKENI FAOUZIA HOSPITALI KABLA HAJAZAA. Karani aliisoma kwa sauti, foleni nzima ikasikia. Zaidi ya hapo sikuweza kuandika.

Bacar amenipa chupa mbili za penisilini, sindano ndogo, na mrija mmoja wa dawa ya macho, na karatasi ya vipimo kwa herufi kubwa. "Nenda, Bweni. Vioo nitavitazama mimi, na Mungu anisamehe."

Jumamosi, 14 Februari

Meli haiondoki. Bahari.

Jumatatu, 16 Februari

Haiondoki.

Jumanne, 17 Februari

Haiondoki. Nahodha anasema kimbunga kimepita kaskazini na mkia wake bado uko hapa. Nimeganda bandarini na kikapu changu tangu asubuhi. Msa aliketi mbali, amenigeuzia mgongo, amenifanyia kivuli kwa mwavuli aliouchomeka kwenye magunia ya karibu nami.

Ijumaa, 20 Februari

Haiondoki.

Jumatatu, 23 Februari

Tunaondoka. Kwenye lango la bandari walipekua vikapu. Mzungu aliyetoa chupa zangu alikuwa yule wa chunusi. Alizigeuza, akasoma, akanitazama, akatazama chini. Akazirudisha moja moja ndani ya kitambaa, akanifungia fundo.

Mutsamudu, Jumanne, 24 Februari

Mtoto alizaliwa Ijumaa. Wa kike.

Nilijua kabla sijafika kitandani, kwa harufu ya maji ya waridi. Mama yangu alikuwa akimkanda macho kwa waridi na maziwa ya Faouzia. Kope zimevimba kama zabibu zilizolowekwa, zimefumba, na ukizigusa usaha wa manjano unaruka. Mkunga wa Mirontsy alisema ni upepo wa mvua. Simu yangu waliipata, mwalimu jirani akawasomea, na mama akasema, "Mzima apelekwe hospitali kufanya nini? Binti yangu Djaouharia amefiwa, akili haijatulia."

Nilinawa. Nilimdunga mtoto kwa kipimo cha Bacar, kisha nikamdunga Faouzia. Nilichemsha maji na chumvi, nikayapoza, nikaanza kuosha. Kila saa moja. Kutoka pembe ya pua kwenda nje, jicho moja kwa pamba yake, jingine kwa pamba nyingine, kisha dawa ya kupaka. Alilia mara tatu za kwanza. Baadaye alilala mkononi mwangu, nikawa naosha usingizi wake.

Jumatano, 25 Februari

Tulimpeleka hospitali. Daktari alifungua kope kwa vidole viwili, akamulika. La kulia, kioo cha jicho bado kinang'aa. La kushoto kina kidonda katikati. Akasema laiti ningefika Jumapili. Hakusema kwa ubaya. Akasema niendelee hivyohivyo.

Ijumaa, 27 Februari

Akika. Ameitwa Zaïnati. Wageni waliambiwa mtoto ana mafua.

Jumanne, 3 Machi

Usaha umekauka. Kope zimefunguka. Jicho la kulia ni jeusi, la Faouzia kabisa. La kushoto lina wingu jeupe kama maji ya mchele.

Faouzia alikuwa ananyonyesha. Mama alikuwa nje anaanika karafuu za mwisho. Faouzia akaniuliza bila kuinua uso, "Mama, ni nini kilichomfika?"

Nilikuwa na upepo wa mvua tayari, umeshafika hata kijijini Patsy kwa midomo ya watu, kila mtu ameukubali. Nilikuwa na Msa pia. Ningemtwisha Msa, na angebeba, kwa sababu hakuna aliyeona haya kuliko yeye.

Nikamwambia yote, tangu kigoda mpaka kikaratasi. Nikamwambia Msa alilala sebuleni akisubiri. Nikamwambia kuna aliyeandika safi.

"Nani, mama?"

"Mimi."

Alimhamishia mtoto ziwa la pili. Alimsubiri atosheke, akamfuta mdomo.

"Ungesema upepo, ningeamini."

"Najua."

"Basi kwa nini hukusema upepo?"

"Kwa sababu utazaa tena, mwanangu. Na upepo hauna dawa."

Jumatano, 4 Machi

Hajasema nami.

Ijumaa, 6 Machi

Hajasema nami.

Jumatatu, 9 Machi

Hajasema nami. Ameniachia mtoto nimwoshe.

Jumamosi, 14 Machi

Msa amekuja. Na hirimu. Alikuja na Allaoui na wengine wawili, wamevaa kanzu za kwenda kuposa, na gunia la mchele na mbuzi. Walipanga mstari uchochoroni. Mama yangu, ambaye hawezi kunyanyuka bila kushika ukuta, alinyanyuka bila ukuta.

"Karibuni, wenye kugawana!" akawaambia. "Nyama mmegawana, pilau mmegawana, dawa ya mjukuu wangu mmegawana. Haya, limebaki jicho. Ligaweni. Nani anatoa lake?"

Allaoui, mtu mzima mwenye ndevu, aliweka kofia usoni. Mbuzi peke yake ndiye aliyejibu.

Ndipo Faouzia akatoka na mtoto, akasimama kizingitini. Unajua kwetu nyumba ni ya mwanamke, na mwanamume huingia kwa hisani. Akasema, sauti ndogo, lakini uchochoro wote ulisikia:

"Msa, ulipona?"

"Nilipona."

"Nani alisema?"

"Kioo. Kabla ya kukojoa."

"Na hawa?"

Msa akawatazama wenziwe. "Allaoui amepona. Hawa wawili bado. Wake zao bado."

"Basi wao na mbuzi warudi. Wewe ingia umwone mwanao, kisha utatoka. Utalala msikitini mpaka nitakapokuita. Sijui lini."

Aliingia. Nilikuwa pembeni ya kitanda, nikainuka nimpishe, kama ada. Alipiga magoti. Mtoto alimgeukia kwa jicho lake la kulia. Msa akamwita jina kutoka upande wa kushoto, akamwita tena, akasogea kulia ili aonekane.

Jumatano, 18 Machi

Faouzia ameniuliza kama chai ina sukari. Nimesema ipo.

Moroni, Jumamosi, 4 Aprili

Saïndou,

Mvua zinapungua. Nimerudi kigodani.

Kati ya wale saba, watano wamemaliza dawa na vioo vyao vimerudi vitupu mara mbili, asubuhi, kabla ya maji. Wake watatu wamekuja, kwa mlango wa nyuma. Wawili wa hirimu wamekataa, na mmoja ana harusi yake kubwa ya mila mwaka huu, ng'ombe wameshanunuliwa, nani atamwambia apone kwanza. Bacar atamwambia. Anakwenda kesho, atavaa viatu vya kukimbilia.

Kila karatasi sasa ina mistari miwili chini ya namba: saa ya mkojo wa mwisho, saa ya kuchukua tone. Nisipoiona mistari hiyo sisomi. Mkuu wa zahanati ameuliza ni ya nini. Nimemwonyesha daftari, ukurasa wa tarehe tano Januari. Nimelifuta neno lile kwa mstari mmoja, ili lisomeke, na kando nimeandika jina langu lote.

Salamu za Mutsamudu zinasema jicho la kulia linafuata mwali wa mshumaa mpaka mwisho. La kushoto halifuati. Msa bado analala msikitini. Faouzia humpelekea chakula mwenyewe, hazungumzi, husubiri sahani.

Sikukuandikia ili unisamehe. Mwenye kusamehe ni mtoto, amebakiza mwaka mmoja na nusu kabla hajaweza hata kutamka jina langu.

Ila ulikuwa ukikaa kwenye mkeka wako wa kuswalia baada ya kila swala, ukitaja watu mmoja mmoja, walio hai na waliokufa, mpaka chakula kinapoa. Kama huko nako majina hutajwa, mtaje Zaïnati binti Msa, ambaye hukumwona. Na ukifika mwisho, kama pumzi imebaki, nikumbuke na mimi.